Kiti cha Meneja

Mdogo wangu Mihayo nilimwambia mbele ya watu kwamba nikifa asije kunizika. Nilisema kwa kinywa changu mwenyewe, sebuleni kwangu Buhongwa, Jumapili baada ya misa, nikiwa sijanywa kitu zaidi ya chai. Wapo wanaojaribu kunitetea, eti Bernadeta alikuwa na hasira. Hasira ninayo tangu nimezaliwa. Siku ile nilijua ninachokisema.

Kwenye ukoo wetu neno la namna hiyo haliondoki kwa kuomba samahani. Aliyelisema anajaza maji kinywani, anasimama mbele ya yule aliyeambiwa, anayatema chini, basi, limefutwa. Ni kazi ya nusu dakika. Baba mdogo Mashimba alininyooshea glasi ya maji palepale.

"Tema, Bernadeta. Tema kabla hujainuka hapo."

Nikaisukuma ile glasi. "Nitatema siku nitakayomkuta amekaa kwenye kiti cha meneja."

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Mengine yote yanatoka hapo.

Sasa niseme nilikuwa na haki gani ya kumpandia mtu mzima mwenye mke namna ile. Baba yetu alikufa Mihayo akiwa darasa la nne, mimi kidato cha pili. Sikurudi shule. Nilikwenda Kirumba, nikaingia soko la Mwaloni kuuza dagaa, na sikutoka humo kwa miaka ishirini na sita. Nimenuka dagaa ujana wangu wote. Nikipanda gari watu walikuwa wanafungua dirisha wakijifanya wanatazama nje. Sikujali, maana kila kiroba nilichobeba kilikuwa na jina la Mihayo. Vikao vya wazazi shuleni kwake nilikwenda mimi. Siku ya mahafali ya chuo kikuu, alipomaliza shahada yake ya usimamizi wa biashara, alivua joho akanivika mimi mbele ya wenzake, akasema, "Mpigeni picha huyu, ndiye aliyesoma." Nililia mpaka kofia ikadondoka.

Mama hakuiona ile siku. Alikuwepo, lakini macho yalikuwa yamekwisha kwa presha ya macho. Alipapasa uso wa Mihayo, akapanda juu mpaka kwenye kofia, akaigonga kwa vidole. "Kumbe ni bapa hivi," akasema, "kama ubao wa kukatia mboga." Tulicheka. Picha ya siku ile aliitundika nyumbani kwake kijijini, na kila mgeni akiingia anamwuliza, imekaa sawasawa, haijapinda?

Baada ya hapo Mihayo alikaa miaka miwili anazungusha vyeti. Mwishowe akachukua leseni ya magari makubwa, akapata kazi ya kuendesha basi la Mzee Rwehumbiza, linalotoka Mwanza alfajiri kwenda Musoma na kurudi jioni. Mimi nikasema sawa, mtu ashike usukani wakati anatafuta cha maana. Mwaka ukapita, wa pili, wa tano. Wenzangu Mwaloni wakapata la kusema. Tereza, ambaye meza yake imepakana na yangu, hana dogo. "Bena, juzi nimepanda basi la msomi wako," ananiambia huku anapepeta dagaa. "Hiyo digrii ya usukani inatolewa chuo gani, nami nimpeleke wangu?" Wanacheka, nami nacheka, halafu nikifika nyumbani sili.

Basi, mwaka jana meneja wa mabasi hayo kwenye kituo cha Mwanza akaacha kazi. Mzee Rwehumbiza ni Mhaya wa Muleba, mtu anayeheshimu karatasi. Akamwita Mihayo, akampa ofisi. Mihayo akakataa. Akamwita tena mwezi uliofuata, akakataa tena. Ndipo mzee akanipigia simu mimi.

"Dada, huyu kijana ana nini?" akaniuliza. "Nina madereva kumi na wanane. Mwenye digrii ni mmoja, na huyo mmoja ndiye anayeikimbia ofisi. Nimpe nafasi mtu wa nje?"

"Usimpe mtu," nikamwambia. "Nipe wiki moja."

Hasira zilinipanda. Nikaitisha kikao: Mihayo na mkewe Hellen, na baba mdogo Mashimba kwa niaba ya marehemu baba. Mama sikumwita. Nilisema safari ni ndefu kwa mtu asiyeona, lakini ukweli ni kwamba nilijua angemtetea.

Mihayo alikuja amevaa shati lake la kazi. Aliniamkia, akakaa, akaweka mikono magotini kama anavyokaa tangu mtoto akijua atasemwa.

"Kwa nini hutaki umeneja?" nikamwuliza.

"Ile barabara siwezi kuiacha kwa sasa, dada."

"Kuna nini barabarani?"

Akayatazama magoti yake.

"Una mwanamke huko Lamadi?"

Hellen akainamisha kichwa. Mihayo akamshika mkono. "Sina mwanamke popote."

"Basi sema."

"Niliapa nisiseme."

"Ulimwapia nani?"

Nilimsubiri. Mashimba alimsubiri. Yule mtoto niliyemvusha mto mgongoni alikuwa ananitazama kama mtu anayeniomba nimwelewe bila kuniambia kitu, na mimi si mtu wa hivyo. Mimi ukitaka nielewe, nieleze. Nikaona miaka ishirini na sita ya dagaa imekaa mbele yangu imefunga mdomo. Ndipo nikasema nilichosema.

Glasi ilikuwa imelala, maji yanaenda kwenye zulia, na hakuna aliyeinuka kuyafuta.

"Sawa, dada," Mihayo akasema. "Nitakaa kwenye kiti."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, usiku ule nililala vizuri.

Nirudi kwa mama kidogo, maana bila yeye haya hayaeleweki. Mama yetu Ng'washi alikuwa anaishi peke yake kwetu, kabla hujafika Magu mjini, pale barabara inapolikaribia ziwa mpaka unasikia ndege wa majini. Nyuma ya nyumba ni kaburi la baba. Nilimbembeleza miaka mitatu ahamie kwangu. Nilimjengea chumba chenye vigae, choo ndani, kila kitu. Hataki. "Mwanangu, mimi nina kazi yangu ya asubuhi," ananiambia.

"Kazi gani na macho hayo?"

"Yangu."

Nikadhani ni kuku. Nikamwambia, nikamwambia na Mihayo, na kila mtu wa pale anajua nilivyosema: siku nitakayosikia mama ameanguka, hata kama ni kujikwaa kidole, nampakia kwenye gari na kigoda chake, na kijijini harudi. Nilisema kwa mapenzi. Lakini mapenzi yangu yana sauti kubwa, na mama alikuwa anaisikia vizuri kuliko wote.

Mihayo alianza umeneja wiki ya kwanza ya Desemba. Siku ya tatu nilikwenda stendi ya Buzuruga kumwona, na sikwenda peke yangu. Nilimchukua Tereza na wengine wawili wa Mwaloni, tumevaa vitenge vipya kama tunakwenda harusini. Ofisi ni ndogo, dirisha moja, feni, meza, na kiti cha kuzunguka. Mihayo alikuwa amekaa humo na tai. Alipotuona akasimama, akawaamkia wenzangu mmoja mmoja. Kisha akafungua droo akatoa chupa ya maji, akaiweka mezani mbele yangu.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "umenikuta kwenye kiti."

Nilielewa. Chupa haikuwa imefunguliwa. Ameinunua ananisubiri siku tatu. Lakini Tereza alikuwa anashangaa kompyuta, na yule mwingine anapiga picha, na mimi nikaona aibu kutema maji sakafuni mwa ofisi mbele ya watu niliowaleta waone jinsi ukoo wetu ulivyoendelea.

"Tutafanya Krismasi," nikamwambia. "Nyumbani, na mama akiwepo. Itapendeza zaidi."

Akaitazama ile chupa, akairudisha kwenye droo. "Sawa, dada."

Nusu dakika. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa inatakiwa, nami nikaipeleka Krismasi.

Wiki mbili baadaye, Jumatano mchana, alinifuata Mwaloni. Jua kali, sisi tunashusha mzigo uliotoka visiwani. Alisimama pembeni na viatu vyake vya ofisi mpaka nilipomaliza kupatana na mteja.

"Mama hapokei simu tangu jana asubuhi," akasema.

"Chaji imekwisha. Si unajua mpaka ampe mtu aipeleke dukani?"

"Malimi naye hapatikani." Malimi ni jirani yetu kule, ukuta kwa ukuta na mama. "Nataka niende sasa hivi nirudi jioni."

Ilikuwa tarehe kumi na saba. Stendi yote inafurika watu wa sikukuu, mabasi yanaongezwa, na Mzee Rwehumbiza amempa yeye kila kitu mkononi. Nikamwona akilini anaondoka, abiria wanapiga kelele, mzee anauliza meneja yuko wapi, na mwisho wa mambo anarudi kwenye usukani.

"Mihayo," nikasema, "meneja haachi ofisi kwa sababu ya chaji ya simu. Subiri Jumapili twende wote."

"Dada, wewe hujui."

"Sijui nini? Niambie basi."

Alifungua mdomo. Nilimwona kabisa, alifungua, na midomo ikatafuta neno la kuanzia. Kisha mpagazi akanigonga na kiroba begani nikageuka kumfokea, na nilipomrudia Mihayo alikuwa ameshaufunga. Aliniambia kazi njema, akaondoka kupitia kwenye maji ya samaki bila kuangalia anapokanyaga.

Alhamisi asubuhi alivua tai akaondoka bila kumuaga mtu. Saa tatu akanipigia. Hakulia kwenye simu. Alisema tu, "Dada, njoo. Mama yuko mlangoni."

Alimkuta amelala chini kwa ndani ya kizingiti, fimbo mkononi, amevaa kanga yake ya kutokea. Daktari wa Magu alisema ni presha, ilimwangusha akiwa anatoka nje, pengine tangu Jumanne alfajiri. Nikamwuliza alikufa papo hapo? Alikuwa kijana mdogo, hakujua kudanganya. Akasema hapana, mama, dalili zinaonyesha alikaa muda. Pengine siku nzima. Jumanne ile nzima nilikuwa napima dagaa, nimefungulia redio.

Asubuhi ya mazishi vijana walikuwa wanachimba, mimi nimekaa chini na kina mama, na Malimi akafika na mfuko wa nguo begani. Alikuwa ametoka Ukerewe, kwenye msiba wa wakwe zake, kisiwa ambacho simu yake haikushika mtandao siku nne. Alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima wa miaka hamsini.

"Sikumwachia mtu wa kumwangalia," akaniambia. "Nilijua watu wa basi wanatazama."

"Watu wa basi wanatazama nini?"

Akanishangaa. Ndipo alipoona kwamba sijui, na akatafuta namna ya kurudi nyuma, lakini mimi nilikuwa nimeshamshika mkono wa shati. Akakaa kwenye mkeka akanieleza.

Pale barabarani mbele ya nyumba kuna jiwe bapa. Kila asubuhi mama alikuwa anatoka na fimbo yake anakaa pale. Saa moja na robo basi la Mihayo linapita. Anapiga honi, mbili fupi na moja ndefu, na mama anainua mkono. Akiuinua, Mihayo anajua mama ameamka salama, anaenda zake. Asipomwona kwenye jiwe, akifika stendi ya Magu anampigia Malimi, na Malimi anakimbia kuangalia. Miaka mitatu, tangu nilipoanza kumbembeleza ahamie kwangu, na mama aliwaapisha wasiniambie. Mwaka juzi mama alianguka na malaria, akashindwa kutoka, na ni hivyo hivyo walivyomwokoa. Mihayo alipochukuliwa ofisini alimwomba dereva aliyempokea awe anapiga honi na kutazama, na yule dereva alifanya hivyo vizuri tu. Ndipo Malimi alipoondoka kwenda Ukerewe.

Hiki kingine alikuja kuniambia Hellen. Yule dereva alihamishwa tarehe kumi na tano kwenda njia ya Dodoma kwa ajili ya abiria wa sikukuu, na karatasi ya kumhamisha ilisainiwa na meneja wa kituo. Mihayo. Alimwambia aliyefuata apige honi na atazame, na huyo akaitikia ndiyo, akapita siku tatu bila kukumbuka.

"Kwa nini hamkuniambia?" nilimwuliza Malimi. "Miaka mitatu, mimi mtoto wake mkubwa, kwa nini?"

Alifuta uso kwa kiganja.

"Ungemhamisha," akasema.

Ni kweli. Ningemhamisha siku hiyo hiyo.

Kazi ya asubuhi. Mungu wangu. Kazi yake ilikuwa kumwinulia mwanawe mkono.

Nilitaka kumkimbilia Mihayo, lakini jeneza lilikuwa limeshatolewa nje na katekista ameshaanza. Na wasifu wa marehemu niliuandika mimi jana yake, kabla sijajua lolote, kwa mwandiko wangu, na sikuwa na namna ya kuunyakua mkononi mwa mtu. Akasoma kuzaliwa kwake, ndoa yake, ugonjwa wake. Kisha: "Marehemu ameacha watoto wawili. Bernadeta, mfanyabiashara wa Mwanza. Na Mihayo, mwenye shahada ya usimamizi wa biashara, meneja wa kituo."

Mihayo alikuwa amesimama upande wa kichwa cha jeneza. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Dereva."

Katekista akamtazama, akanitazama mimi.

"Soma dereva."

Akasoma: na Mihayo, dereva. Ndipo nilipojua kwamba ameshamrudishia Mzee Rwehumbiza funguo za ofisi.

Tulimzika kando ya baba. Udongo ulipokwisha na maua yamewekwa, kulikuwa na ndoo ya maji ya kunawa mikono pale kwenye migomba. Nilichukua kikombe, nikachota, nikajaza kinywa. Sikuona aibu ya mtu. Mashavu yamejaa, nikapita katikati ya watu, na wazee wa ukoo wakaelewa wakanipisha. Mashimba akasema, "Ndiyo, mwanangu, ndiyo." Nikafika mbele ya Mihayo nikasimama.

Alinitazama. Macho yake ni ya mama, ya wakati ule yakiwa yanaona. Nilidhani atainamisha kichwa nimalize.

"Usiteme, dada," akasema taratibu, bila ukali wowote. "Ulisema mpaka unikute kwenye kiti cha meneja. Sasa siko kwenye kiti."

Akamshika Hellen mkono akaondoka. Kuyatema nyuma ya mtu hakuruhusiwi, lazima aone. Nilisimama pale na kinywa kimejaa mpaka taya zikauma, watu wote wananiangalia, na mwisho nikayameza. Yalikuwa na ladha ya udongo.

Sikurudi Mwanza. Meza yangu ya Mwaloni nimemwachia Tereza, ambaye siku hizi ananipigia simu na hanitanii tena, jambo ambalo linaniuma kuliko alivyokuwa ananitania. Ninaishi kwenye nyumba ya mama. Ninahakikisha ile picha haipindi. Kila asubuhi natoka na kikombe cha chai nakaa kwenye lile jiwe, limeshakuwa laini katikati kwa kukaliwa, na saa moja na robo basi linakuja. Mihayo amerudi kwenye njia yake ile ile. Namwona kabisa, shati la kazi, mikono miwili kwenye usukani, macho mbele. Ninainua mkono. Basi linapita, vumbi linanifikia, honi hailii. Miezi miwili na siku kadhaa, nimeinua mkono kila siku isipokuwa Jumapili, ambapo haendeshi. Simu zangu hapokei. Hellen anapokea, ananiambia wanaendelea vizuri, shikamoo wifi, basi.

Malimi aliniambia niache kujitesa. Nikamwambia asinifundishe la kufanya na asubuhi zangu.

Wiki iliyopita nikashikwa na homa. Mwili wote unauma, nikashindwa hata kufungua mlango. Nililala nikalisikia basi linapita kule barabarani, mlio wa injini ule ule, nikavuta shuka nikajifunika. Sijui muda gani ulipita. Nikasikia mlango unagongwa kwa nguvu, na Malimi anaita jina langu kwa sauti ya mtu anayeogopa atakachokikuta.

Nilijikokota nikafungua. Alikuwa anahema, viatu hana.

"Uko hai," akasema.

"Kwa nini nisiwe hai?"

"Mihayo kanipigia kutoka stendi ya Magu. Kasema hakukuona kwenye jiwe, niende mbio."

Nilishika mlango. "Akasema nini tena?"

"Nimwambie kama uko mzima. Halafu akakata."

Nilikaa palepale kizingitini, mahali alipokutwa mama, nikalia. Nililia mpaka Malimi akaenda kumwita mkewe anishike. Alikuwa ananitazama siku zote hizo. Macho mbele, mikono kwenye usukani, na ananitazama kama alivyokuwa akimtazama mama, ila honi tu amekataa kunipa. Na mimi nilikuwa nafikiri sionekani.

Leo asubuhi nilikuwa na nguvu kidogo. Mke wa Malimi alinikataza nikatoka hivyo hivyo. Badala ya chai nilibeba kikombe cha maji. Saa moja na dakika kumi nilijaza kinywa, nikasimama pembeni ya jiwe, karibu na lami kadiri ninavyothubutu. Wanafunzi waliokuwa wanapita walinishangaa na mashavu yangu. Basi likatokea kwenye kona ya chini, likapanda. Lilipokuwa karibu kiasi cha kumwona uso, nikainua mkono wa kulia, nikainama, nikayatema yote chini, mbele yake, akiwa amekaa kwenye kiti chake, kile cha usukani.

Basi lilipita. Honi haikulia. Sikuona kama alipunguza mwendo, maana macho yangu yalikuwa yamejaa maji pia. Nilikaa kwenye jiwe mpaka vumbi likatulia, kisha nikaingia ndani kunywa dawa, maana kesho saa moja lazima niwe nimeamka.